Kuchora ramani ya vitongoji na barabara za bonde kame la Ruaha Mkuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wachora ramani wapya, watendaji wa vijiji, walimu, madereva na waendesha bodaboda wa Idodi, Pawaga, Isimani na jirani zake. Anayeanza leo asome tangu juu. Mwenye uzoefu aende moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Bonde mnalolizungumzia ni lipi hasa?

Ni upande wa chini wa mkoa wa Iringa, pale nyanda za juu zinapokatika na kushuka hadi mto Ruaha Mkuu. Ukitoka Iringa mjini kuelekea Kidamali na Mlowa, au ukiteremka Nyang'oro kwenda Izazi na Migoli, unaacha baridi nyuma na baada ya muda mfupi uko kwenye mibuyu, migunga na minyaa. Tarafa za Idodi, Pawaga na Isimani ndizo kiini cha kazi yetu. Chini ya bwawa la Mtera, upande wa Kilolo, kuna Ruaha Mbuyuni na Nyanzwa. Juu ya mto, upande wa Mbeya, kuna uwanda wa Usangu wilayani Mbarali. Mengi ya majibu haya yanafaa huko kote.

Iringa si nchi ya baridi na mvua? Ukame unatoka wapi?

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima ya Udzungwa na kumwaga mvua yake huko. Mufindi inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka na chai inastawi. Upepo unaoteremka upande wa pili umeshakauka. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, lakini ufuko wa Mtera uko karibu mita 700 tu, kwa hiyo joto linaongezeka kadiri unavyoshuka. Mvua ya bondeni ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na haitabiriki.

Si jangwa. Ila mchora ramani atakutana na tabia za jangwa: makorongo ya mchanga yasiyo na maji kwa miezi mingi, makazi yaliyotawanyika kufuata visima, njia zinazohama, na rangi moja ya udongo inayofunika nyumba, uwanja na barabara. Ndiyo maana maelekezo ya kuchora Mafinga au Njombe hayatoshi huku.

Ramani zipo tayari kwenye simu. Kwa nini tuchore nyingine?

Fungua ramani uliyo nayo kwenye simu, utafute kitongoji alichozaliwa mama yako. Kwa watu wengi wa bondeni hakipo, au kipo kama nukta isiyo na jina na barabara yoyote inayoifikia. Gari la wagonjwa likiitwa, dereva huelekezwa kwa mibuyu na maduka. Wanaosambaza chanjo, wanaopanga vituo vya kupigia kura na wanaochimba visima wote huanza na ramani, na kitongoji kisichokuwemo ni rahisi kusahauliwa kwenye hesabu. Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu kubwa, na inatosha.

OpenStreetMap ni nini, na data yake ni ya nani?

Ndiyo ramani tunayoichangia: ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, ilipoanzishwa Uingereza. Mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuichukua bure, ikiwemo halmashauri, zahanati au mwenye kampuni, mradi ataje chanzo na akiiboresha data yenyewe aiache wazi vilevile. Hapa nchini ilipata nguvu kuanzia 2015, kupitia Ramani Huria iliyochora maeneo ya mafuriko Dar es Salaam, na Crowd2Map iliyoelekeza nguvu vijijini.

Naweza kunakili majina kutoka Google?

Hapana. Masharti yao hayaruhusu, na data ikigundulika imenakiliwa hufutwa yote, hata sehemu uliyoichora kwa jasho lako. Vyanzo halali ni vitatu: picha za setilaiti zilizoruhusiwa ndani ya programu ya kuhariri, kama za Bing na Esri, simu yako ukiwa eneo husika, na maneno ya wenyeji.

Nahitaji vifaa na utaalamu gani?

Simu janja inatosha kuanza. Programu za Every Door na StreetComplete zinakusaidia kuongeza majina, maduka, visima na shule ukiwa unatembea. OsmAnd inarekodi mstari wa GPS bila intaneti, jambo la lazima kwa sababu mtandao hukatika ukiacha barabara kuu. Barabara na majengo yachorwe kwenye kompyuta, kwa programu ya kuhariri ya iD kama unaanza au JOSM ukishazoea. Pakua ramani ya mkoa mzima ungali mjini, na beba chanzo cha umeme cha akiba, maana GPS ikiwaka mfululizo simu haifiki jioni.

## Kijiji, kitongoji, boma na kambi

Kijiji na kitongoji vinaandikwaje?

Kwenye OpenStreetMap kila kitu hupewa lebo, na lebo zenyewe ni zilezile dunia nzima, hazitafsiriwi. Kijiji chenye serikali yake na mtendaji wake weka `place=village`. Kitongoji weka `place=hamlet`. Kaya moja au mbili zilizojitenga weka `place=isolated_dwelling`. Mahali penye jina lakini pasipo na wakazi, kama njia panda, kilima au mbuyu maarufu, weka `place=locality`.

Kuna mvutano hapa. Maelezo ya kimataifa yanafikiria hamlet ya watu wachache sana, wakati kitongoji cha Pawaga kinaweza kuwa na mamia. Ushauri wetu ni kufuata mfumo wa wenyeji. Kitongoji ni kitongoji kwa sababu kina mwenyekiti wake na watu wanajitambulisha nacho. Ukianza kupandisha vitongoji vikubwa kuwa vijiji, kesho mtu wa halmashauri ataikataa ramani nzima, naye atakuwa na haki.

Nukta ya kijiji iwekwe pale watu wanapopaita "senta", kwa kawaida penye ofisi ya kijiji, maduka na kituo cha basi. Usiiweke katikati ya eneo la kijiji, kwa sababu vijiji vya huku vina ardhi kubwa ya malisho na katikati yake inaweza kuangukia porini.

Kata na kijiji vina jina moja. Niandike mara mbili?

Itunundu ni mfano: ni kata na ni kijiji. Nukta ni moja, ya kijiji. Kata ni eneo la utawala na huwakilishwa kwa mpaka, ambao usiuguse bila kusoma jibu la mipaka hapo chini.

Naambiwa kuna watu, lakini kwenye picha sioni nyumba. Wako wapi?

Hili ndilo swali linalowasumbua zaidi wanaochora wakiwa mbali. Bati linang'aa, halikwepeki. Tembe halionekani hivyo. Paa lake ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo, na udongo huo umechotwa hapohapo uani, kwa hiyo kutoka angani rangi ya paa na ya ua ni moja. Kinachokusaidia ni kivuli. Tafuta picha iliyopigwa asubuhi, jua likiwa chini, uone ukanda mwembamba mweusi ulionyooka upande mmoja. Asili haitengenezi vivuli vilivyonyooka namna hiyo. Umbo la tembe pia husaidia, kwani mara nyingi ni mstatili mrefu, au nyumba mbili hadi tatu zinazozunguka ua.

Angalia vilevile dalili za maisha. Zizi huonekana kama doa jeusi la samadi lililozungushiwa miba. Njia nyembamba za miguu zinakutana sehemu moja kutoka pande zote. Mti mkubwa una kipara cha udongo chini yake, kwa kuwa watu hukaa hapo mchana kutwa. Ukiona vitatu hivi pamoja na bado huoni paa, kuna uwezekano mkubwa nyumba ipo. Usichore jengo la kubuni. Weka nukta yenye `fixme` ili mtu wa karibu akahakikishe.

Maboma ya wafugaji nayaandika vipi, ikiwa wanahama?

Bonde hili lina Wahehe, Wabena, Wagogo na Wasangu, na lina Wamasai, Wasukuma na Wabarabaig waliokuja na mifugo. Si kweli kwamba kila mfugaji anahama. Maboma mengi yamekaa miaka mingi, watoto wanasoma shule ya kijiji, na kinachohama ni ng'ombe pamoja na vijana wanaowachunga. Boma la kudumu lichorwe kama makazi mengine yoyote, uzio wake wa miba ukiwemo. Kambi ya muda ya malisho usiiwekee jina la mahali.

Jina la boma kwa kawaida ni jina la mzee wa familia. Hilo linahitaji ridhaa yake. Tazama sehemu ya watu na ruhusa.

Na vibanda vya mashamba ya mpunga?

Msimu wa mpunga ukifika Pawaga, watu huhamia majarubani kulinda ndege na kuvuna. Vibanda huonekana kwa wingi kwenye picha ya Aprili na Mei, kisha Septemba hakuna kitu. Tusivichore kimoja kimoja. Eneo likiwa na jina linalojulikana, weka `place=locality` na uandike kwenye maelezo kwamba hukaliwa msimu wa mpunga. Ukiona vibanda hivyohivyo kwenye picha za miezi tofauti, uliza wenyeji. Kambi kadhaa zimegeuka vitongoji namna hiyo.

Jina lipi niandike watu wakitofautiana?

Anza na bango la ofisi ya kijiji au la shule, kisha sikiliza. Isimani huandikwa pia Ismani, Mlowa huandikwa Mloa. Tahajia inayotumiwa na kijiji chenyewe iingie kwenye `name`, na nyingine kwenye `alt_name` ili mwenye kuitafuta kwa namna yake aipate. Jina la zamani ambalo wazee bado wanalitaja liingie kwenye `old_name`. Muulize mtu aliandike mwenyewe kwenye daftari lako badala ya kukisia herufi kwa sikio, kwani majina mengi ya Kihehe yana sauti ambazo mgeni huziandika kwa haraka na kuziharibu.

Jihadhari na Majengo, Mjimwema, Azimio na Mapinduzi. Vitongoji vyenye majina haya viko kila wilaya. Hakikisha nukta imekaa ndani ya kijiji sahihi.

## Barabara, njia na makorongo

Nitajuaje kama mstari kwenye picha ni barabara au njia ya ng'ombe?

Njia za ng'ombe ni nyingi, zinakwenda sambamba, zinapishana na kuachana, na zote huelekea kwenye maji. Ukizifuata utafika mtoni, kwenye lambo au kwenye kisima. Barabara ya gari huacha mistari miwili iliyo sambamba kwa upana usiobadilika, hupinda taratibu, na huunganisha mahali na mahali: senta na senta, kijiji na shamba. Njia ya pikipiki ni mstari mmoja, unaonyooka kuliko wa ng'ombe, nao hukata kona karibu na nyumba.

Mchora ramani mgeni akiliona kundi la njia za ng'ombe hulichora lote kama barabara, na ramani inajaa nyuzi zisizompeleka dereva popote. Ni afadhali kuacha kumi bila kuchora kuliko kumwelekeza mtu kwenye lambo usiku. Njia kuu moja ya mifugo, inayotumiwa pia na watembea kwa miguu, inatosha kuwekwa kama `highway=path`.

Nitaipa barabara daraja gani?

Tazama kazi yake, usitazame ubora wake. Barabara ya lami ya Iringa kwenda Dodoma kupitia Mtera ni barabara kuu ya taifa. Ile ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, inayogawanyika Mlowa, ni kiungo kikubwa hata pale penye vumbi. Barabara inayounganisha vijiji viwili weka `highway=unclassified`, na inayounganisha kata na barabara kubwa mara nyingi hustahili `tertiary`. Za ndani ya senta, katikati ya nyumba, ni `residential`. Inayoishia shambani, mtoni au kwenye machimbo ya mchanga ni `track`.

Kosa lililoenea ni kuita kila barabara ya vumbi `track`. Programu za kuelekeza safari huikwepa track, kwa hiyo kijiji chenye barabara pekee ya namna hiyo huonekana kana kwamba hakifikiki. Ubora uutaje kwa lebo nyingine, kama `surface` na `smoothness`. Kumbuka pia kwamba TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanzishwa 2017, inasimamia za wilaya na vijiji. Bango la mradi barabarani hukuambia mara moja uko kwenye ipi.

Kiangazi inapitika, masika haipitiki. Niandike nini?

Andika yote mawili. Picha nyingi za setilaiti ni za kiangazi, kwa sababu masika kuna mawingu, kwa hiyo ramani iliyochorwa kwa picha peke yake ni ramani ya kiangazi. Mtu akiitumia Februari atakwama.

Uliza maswali matatu: ni nini kinachozuia, ni mwezi gani, na ni nani bado anapita. Kizuizi chaweza kuwa mbuga ya udongo mweusi, ambayo ikilowa hunasa hata trekta. Chaweza kuwa korongo linalojaa kwa saa chache kisha kupungua. Au tuta la mfereji lililobomoka. Hali hizi ni tofauti kabisa kwa msafiri. Korongo unalisubiri. Kwenye mbuga ya udongo mweusi unageuza, uzunguke. Weka `seasonal=yes` kwenye kipande kinachohusika tu, usiiwekee barabara nzima, na eleza kwa Kiswahili kwenye `description`, kwa mfano: "Haipitiki kwa gari Januari hadi Aprili, pikipiki hupita." Mwendesha bodaboda wa senta anajua haya kuliko mtu mwingine yeyote, na ukimtaja kama chanzo, usimtaje kwa jina.

Barabara inakatiza korongo. Kuna daraja au hakuna?

Kuna hali nne, na zinachanganywa sana. Daraja halisi lina nguzo na maji hupita chini hata wakati wa mafuriko. Kalavati ni bomba au boksi la zege chini ya tuta. Kwenye picha utaona barabara haijakatika na korongo limesinyaa pale. Drifti ni sakafu ya zege iliyolazwa kitandani mwa korongo, maji hupita juu yake; hiyo ni `ford=yes` yenye `surface=concrete`. Na mahali pengi hakuna kitu chochote, magari hushuka kwenye mchanga na kupanda ng'ambo; hiyo ni `ford=yes` pia, lakini mchanga utajwe.

Korongo lenyewe ni `waterway=stream` au `river` pamoja na `intermittent=yes`. Chora mstari katikati ya mchanga, na makorongo mapana yachorwe pia kama eneo. Korongo la mchanga mweupe, mpana na laini, limewahi kudhaniwa barabara na wengi waliochora wakiwa nchi za nje.

Mifereji ya skimu za umwagiliaji nayo ni muhimu?

Sana. Pawaga inaishi kwa maji ya Ruaha Mdogo, na mfereji mkuu ndio unaoamua wapi kuna makazi. Chora banio (pale maji ya mto yanapochepushwa), mfereji mkuu kwa `waterway=canal`, na matawi kwa `ditch`. Tuta la mfereji mara nyingi ndiyo barabara pekee kavu wakati wa masika, basi lichunguze kama linapitika. Mwelekeo wa mstari ufuate mwelekeo wa maji.

## Picha, GPS na vipimo

Nimechora kwenye picha ya Bing, nikabadili kwenda Esri, kila kitu kimehama. Ipi ni sahihi?

Pengine hakuna iliyo sahihi kabisa. Kila picha inaweza kuwa imesogea mita kadhaa, na kwenye mteremko, kama ule wa Nyang'oro, husogea zaidi. Rekodi mistari ya GPS ya barabara ileile mara kadhaa, kwenda na kurudi, kisha isogeze picha ikae juu ya wastani wa mistari hiyo kabla hujachora. GPS ya simu kwenye eneo wazi kama Pawaga hukosea mita tatu hadi kumi. Ukikuta wenzako wamechora eneo zima kwa picha moja, endelea nayo hiyohiyo. Kijiji kilichochorwa nusu hapa na nusu pale ni kibaya zaidi.

Nina ramani ya karatasi ya zamani ya 1:50,000. Naweza kuitumia?

Kwanza haki: uwe na ruhusa ya kutumia data yake. Pili vipimo: ramani hizo zimetumia mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Ukizisoma latitudo na longitudo bila kubadilisha mfumo, utaanguka karibu mita 300 pembeni, umbali wa kutosha kuivusha nyumba mto. Programu kama QGIS hubadilisha yenyewe ukiiambia mfumo sahihi. Thamani yake kubwa ni majina ya vilima, makorongo na mahame (makazi yaliyoachwa) ambayo vijana wa leo hawayajui.

Kwa nini nukta zangu za Mtera zinaruka kwenda mbali?

Longitudo ya nyuzi 36 mashariki inapita karibu kabisa na bwawa la Mtera, nayo ndiyo mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 za UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita ndani ya kanda. Iringa mjini, Idodi na Pawaga ziko kanda ya 36 kusini. Ruaha Mbuyuni iko kanda ya 37. Ukikusanya nukta pande zote mbili na kuziingiza kama kanda moja, baadhi zitatupwa mamia ya kilomita. Tumia latitudo na longitudo tangu mwanzo, uepuke tatizo lote.

Kuna majengo yaliyotambuliwa na kompyuta. Si tuyaingize tu?

Google na Microsoft wametoa bure maumbo ya majengo ya Afrika, na leseni zinaruhusu. Kwenye bati hufanya vizuri. Bondeni hukosea kwa njia mbili: huyaacha matembe, na huita majengo vitu kama mawe makubwa, vichuguu na mazizi. Yatumie kama mwongozo, ukague moja moja, usiyamwage kwa mkupuo.

Vipi kuhusu droni?

Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya mamlaka za ulinzi, na ndani ya hifadhi kuna ruhusa yake ya ziada. Usirushe bila kibali karibu na bwawa la Mtera.

## Watu na ruhusa

Nikifika kijijini naanzia wapi?

Ofisi ya kijiji, kabla hujatoa simu mfukoni. Jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti, beba barua kutoka halmashauri kama unayo, saini kitabu cha wageni, kisha omba mtu wa kukutembeza. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Huku kuna migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, kati ya vijiji na hifadhi. Mgeni anayezunguka akipima vitu kwa simu hudhaniwa amekuja kugawa au kuchukua eneo, na hofu hiyo ina historia.

Salimu kabla ya kuuliza. "Kamwene, mzee" hufungua mazungumzo yote. Eleza kwa maneno mepesi: "Tunaandika majina ya vitongoji na barabara ili yaonekane kwenye simu ya yeyote. Hatupimi mashamba ya watu." Baadaye rudi umwonyeshe mwenyekiti kilichochorwa, na umwachie nakala iliyochapishwa ya kijiji chake. Mara nyingi atasahihisha mambo papo hapo kwa kalamu, na masahihisho hayo ndiyo data bora utakayowahi kupata.

Naweza kuchora mipaka ya vijiji?

Tunaomba usiichore kwa kukisia wala kwa simulizi ya upande mmoja. Mpaka wa kijiji unatambuliwa kisheria chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mstari wako, hata ukiwa wa nia njema, unaweza kupelekwa barazani kama ushahidi. Ni hivyohivyo kwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyopanuliwa 2008 kuingiza Pori la Akiba la Usangu, na kwa eneo la jumuiya ya wanyamapori la MBOMIPA linalomilikiwa na vijiji vya Idodi na Pawaga. Mpaka uingizwe tu ukitoka kwenye data rasmi iliyo wazi. Vitongoji havihitaji mipaka. Nukta na jina vinatosha.

Kuna vitu visivyopaswa kuchorwa?

Majina ya watu binafsi kwenye nyumba zao, isipokuwa kwa ridhaa yao na pale tu jina limekuwa la mahali. Maeneo ya matambiko, wazee wasipokubali. Sehemu ambako tembo huonekana, kwa sababu majangili nao wana simu. Njia za doria za askari wa wanyamapori. Makaburi ya kijiji yanaweza kuchorwa kama eneo, bila kutaja nani amelala wapi.

## Mambo magumu

Ufuko wa Mtera nauchora wapi, ikiwa maji yanapanda na kushuka?

Bwawa lilikamilika 1980 na kimo cha juu cha maji yake wakati wa uendeshaji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Ardhi ya hapo ni tambarare, hivyo maji yakishuka mita chache ufuko unakimbia mbali sana, na watu hulima na kuchunga pale palipokuwa ziwa. Chora eneo la maji ya kudumu kwa picha za mwisho wa kiangazi, kisha ukanda unaojaa na kukauka uuchore peke yake kwa `intermittent=yes`. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zina ukubwa wa mita 10 kwa kila nukta, hazikuonyeshi nyumba, lakini hupigwa kila baada ya siku chache na zinafaa sana kwa kazi hii.

Kambi za wavuvi huufuata ufuko. Chora zile tu zenye majengo ya kudumu au mwalo unaotambuliwa. Barabara zinazoshuka kuelekea majini zikatwe kwenye mpaka wa maji ya msimu, na kipande cha chini kiwekewe `seasonal=yes`, la sivyo programu itampeleka mtu ziwani.

Ruaha Mkuu ni mto mkubwa. Kweli niuwekee lebo ya mto unaokauka?

Kwa vipande, ndiyo. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, sehemu inayopita ndani ya hifadhi, chini ya ardhi oevu ya Ihefu, huacha kutiririka kiangazi na kubaki madimbwi ambamo viboko hubanana. Sababu zinazotajwa zaidi ni maji yanayochepushwa mashambani Usangu. Ruaha Mdogo huendelea kuleta maji, kwa hiyo chini ya makutano yao hali ni nyingine. Kata mstari wa mto sehemu hizo, ukiweka `intermittent=yes` pale tu panapokauka. Usiuwekee mto wote, na usiuache wote bila lebo.

Nimekuta nyumba zilizoachwa, miti ya maembe na misingi. Nichore?

Hayo ni mahame, na bonde limejaa. Mengine yalitokana na kisima kukauka au mafuriko, mengine na operesheni za vijiji vya ujamaa za miaka ya 1970. Isimani ilikuwa kitovu cha mvutano huo. Ndiko mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikouawa tarehe 25 Desemba 1971. Familia zilizokuwa zimetawanyika kando ya mashamba zilikusanywa kwenye safu za nyumba zilizonyooka, na ukitazama senta za vijiji vingi leo bado unaziona safu hizo.

Jina la hame likiwa hai midomoni mwa watu, weka `abandoned:place=hamlet` pamoja na jina, ili lisihesabiwe kama makazi. Uliza kama kuna makaburi kabla ya kupiga picha. Na thibitisha kwamba kweli limeachwa: kuna familia zilizorudi kwenye mahame yao miaka ya baadaye, na hao wana haki ya kuonekana kama kitongoji kingine chochote.

Mtu amefuta kazi yangu. Nifanye nini?

Usirudishe kwa hasira. Historia ya kila kitu imehifadhiwa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Fungua badiliko lake, umwandikie kwa utulivu ukieleza ulichoona eneo husika na mwezi ulioliona. Wengi hufuta wakiwa mbali, wakitazama picha mpya ambayo haikuonyesha tembe. Mpe picha uliyopiga ukiwa hapo na tarehe yake, kisha weka `source=survey` na `survey:date` kwenye kila kitu unachokichora tena, ili anayefuata ajue kwamba mtu alifika kwa miguu.